Vichwa vya Buluu

Sehemu ya Kumi na Moja

Ufunguo wa saluni ulikuwa mkononi mwa Kasoki, mlango umefungwa kwa ndani, na simu iko mezani katikati ya vitana na mafuta ya nywele. Hapo ndipo tulipowaacha Jumamosi iliyopita, msomaji wangu, na tangu wakati ule hakuna aliyepumua.

Kasoki ni mke wa Symphorien, yule mfanyabiashara wa Butembo anayeuza samaki wa Kasenga kwa jumla. Laurentine ndiye mwenye saluni, hapa hapa Lubumbashi, komini ya Kenya. Miaka yote wanawake hawa wamekuwa wakisalimiana kwa heshima, na leo mmoja amemfungia mwenzake ndani.

"Angalia muzuri, Ma Laurentine," alisema Kasoki. "Bangapi njo ba kwako?"

Kwenye picha ya simu ile, iliyozunguka mjini kabla mtandao haujakatwa, walikuwa wanaume wanne, wamepiga magoti juu ya saruji, vichwa chini, wamenyolewa hadi ngozi. Vichwa vyote vinne vilikuwa vya buluu. Haikuwa rangi ya kupaka. Ilikuwa imelala ndani ya ngozi, kutoka utosini hadi kwenye paji la uso, ikakatika mbele kwa mstari mnyoofu. Wa pili kutoka kushoto alikuwa Symphorien.

Kasoki alitarajia kuonyeshwa mmoja tu aliyechorwa na Laurentine.

"Bote," alisema Laurentine.

Sasa ngoja niwasaidie wale waliokosa gazeti wiki hizi ambazo treni haikufika, kisha tuendelee.

Miaka kumi na mitano iliyopita Laurentine alikwenda Johannesburg akarudi na ufundi ambao hapa mjini hakuna aliyekuwa nao. Alimchoma mwenye kipara vitone vya wino kichwani, maelfu kwa maelfu, mpaka mtu akaonekana ana nywele ila amenyoa jana. Wanaume walimjia Jumatatu, siku ambayo saluni haifunguliwi, kwa mlango wa nyuma. Walimwapisha asiseme. Hakusema hata kwa mumewe Guelord, ambaye siku zile alifanya kazi kwenye treni na kukaa Kamina wiki tatu kwa mwezi.

Kazi ilikuwa nzuri kwa miaka minne. Halafu wino ukaanza kuwa kama moshi, ukawa kijivu, ukawa buluu. Vitone vikanenepa chini ya ngozi kama tone la mafuta kwenye karatasi, kimoja kikaingia kwa kingine. Nywele za pembeni zikaota mvi. Na ule mstari wa mbele, ambao mtu wa miaka thelathini aliomba ushushwe ili aonekane kijana, ukabaki pale pale chini huku uso wenyewe ukizeeka. Wateja wakaanza kuvaa kofia. Waliorudi kulalamika, Laurentine aliwaambia ni jua.

Haikuwa jua peke yake, na yeye alijua. Wino wa kichwa ulipomwishia alichukua ule wa kuchorea mikono. Sindano nayo aliishusha ndani kuliko alivyofundishwa, kwa sababu alitaka asemwe kwamba kazi yake haifutiki. Basi haikufutika.

Mambo yangekuwa shwari, ingebaki aibu ya wanaume hamsini na kofia zao. Lakini mwaka huu hakuna kilicho shwari. Watu wa porini wameteka miji miwili kaskazini, barabara zimefungwa, mtandao umekatwa tangu jana, na kila kona ya Lubumbashi ina kizuizi cha vijana. Ikaingia habari kwamba watu hao wameshapenya mjini, na kwamba wamechanjwa dawa kichwani ili risasi ziwapite.

Wiki mbili zilizopita, sokoni, upepo ulimvua kofia fundi mwashi mmoja aitwaye Mumba. Walioona kichwa chake hawakuuliza swali. Laurentine alikuwa pale na kikapu cha vitunguu, na alikitambua kichwa kabla hajautambua uso. Mumba alipokuwa amelala bila kutikisika, yeye alirudi nyumbani akapika. Tangu siku ile hajamwambia mtu neno.

Na lile la mwisho, ambalo ninyi mnalijua tangu sehemu ya pili na Guelord hajalijua hadi leo: chini ya wigi ya Laurentine kuna kichwa kama vile vinne. Misuko ya kubana ilimmaliza nywele za mbele kabla hajafika thelathini. Kila wino mpya aliujaribu kwanza kwake mwenyewe. Upande wa kushoto una miaka kumi na mitano, katikati minane, kulia ni wa mwaka jana.

Turudi saluni, kwa maana muda unakwenda.

Kasoki alieleza alichosikia. Saa kumi alasiri wafungwa wanapakiwa kwenye lori kupelekwa kambi ya Lukafu, kwa njia ya Kasenga. Wanne waliopelekwa huko wiki iliyopita hawajasikika tena, na mke wa mmoja wao aliyefuatilia na nguo safi alirudishiwa nguo zake bila maelezo.

"Twende pamoja, ubaambie," alisema. "Weye njo ulifanya, weye njo utaeleza."

Laurentine alikaa kwenye kiti cha wateja. Akamwonyesha kwenye picha, nyuma ya sikio la kushoto la kila mwanamume, vitone vitatu vilivyopangwa kwa mstari. Hiyo ilikuwa desturi yake ya kazi. Kabla ya kuanza kichwa alichoma vitone vitatu mahali pasipoonekana, akangoja siku tatu aone kama ngozi itaukataa wino. Fundi mwenye haraka hafanyi hivyo, na Laurentine alijivunia sana vile vitone. Sasa mji mzima unasimulia kwamba askari wamevikuta kwenye kila kichwa, mahali pale pale, na wanaviita alama ya kundi. Wanamtafuta aliyewachanja.

"Nikifika pale, Kasoki, banasema féticheur, mganga ya bale bantu, amejileta na miguu yake."

Kasoki hakulia. Wanawake wa kwao hawapendi kulia mbele ya mtu wanayemhitaji. Alikunja ncha ya kitenge chake mara mbili, akakunjua.

"Mumba alikufa, ulinyamaza. Symphorien naye akikufa, utanyamaza. Balibaki bangapi, mama? Utanyamaza mara ngapi?"

Laurentine alisimama akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Alifagia nusu saa nzima, nasema kweli, na Kasoki akamwacha afagie. Kisha akafungua droo kutafuta mashine yake ya kunyolea, bila sababu, mikono tu inataka kushika kitu cha kazi. Haikuwepo. Akakumbuka kwamba Guelord aliichukua Jumatatu, akasema ni ya shughuli za kamati ya ulinzi.

Aliirudia ile picha. Ukingoni kulikuwa na mkono umeshika mashine ya kunyolea, na mpini wake umezungushiwa utepe mwekundu. Utepe ule aliuzungusha mwenyewe, mwezi wa tano, mpini ulipopasuka.

Mumewe ndiye aliyewanyoa.

Saa saba na dakika arobaini Laurentine aliweka kalamu ya sindano na chupa ya wino mkobani, akaibana wigi vizuri masikioni, akamwambia Kasoki afungue mlango.

Wafungwa walikuwa wamewekwa kwenye depo ya zamani ya unga, karibu na reli. Walikwenda na Canter ya Symphorien, Kasoki mwenyewe kwenye usukani. Getini alisimama Guelord, kitambaa cha kijani kimefungwa mkononi.

Msimchukie haraka. Huyu ni mtoto na mjukuu wa watu wa reli, na tangu treni zianze kusimama hakuwa na mahali pa kwenda asubuhi. Miaka sita alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba akisikiliza redio. Sasa vijana wa kila kizuizi upande huu wa mji wanamwita Papa Guelord na wanangoja aseme ndipo watende. Laurentine hakuwa amemwona na uso ule wa furaha tangu walipokuwa wachumba, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotegemea.

Guelord alimuuliza amefuata nini mahali kama pale. Alijibu kwamba amemsindikiza tu jirani, anataka kumwomba komanda kwa ajili ya mumewe.

Wakiwa bado wanasemezana, geti lilifunguliwa na lori likatoka, turubai limefungwa pande zote. Wote watatu walisogea ukutani kulipisha. Lilipinda polepole, likapita karibu nao kiasi cha kugusa kitenge cha Kasoki, likashika barabara.

Guelord alimvuta mkewe pembeni. Alitaka kumwambia jambo, na alilisema kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa zawadi.

"Mi njo niliona ile alama. Nyuma ya sikio, bitone bitatu. Hata ba soldats na bunduki zabo habakuiona. Commandant alinipa mukono mbele ya bantu bote."

Nasema wazi, hapo ndipo alipotakiwa kufungua kinywa. Walikuwa wawili, mchana kweupe, mume na mke wa miaka ishirini na miwili. Sentensi moja ingetosha. Laurentine alimtazama yule mwanamume aliyenyooka mgongo, akasema ni sawa, akaomba wapelekwe kwa komanda.

Komanda Adalbert alikuwa na malaria. Tangu asubuhi alikuwa amelala chumba cha ndani, na alitoka amejifunika blanketi juu ya sare, akakaa nyuma ya meza iliyokuwa ya karani wa unga. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa maneno, na kila aliyewahi kusimama mbele ya meza ile angeona afadhali angekuwa mkali. Pembeni alisimama sajini wake, Chanda. Guelord alibaki mlangoni.

Kasoki alieleza, na komanda hakumkatiza. Alipomaliza, komanda aligeukia Laurentine na kuuliza kama kweli yeye ndiye aliyewachora wale watu. Laurentine alisema ndiyo. Nyuma yake alimsikia Guelord akivuta pumzi.

"Uliwachora juu ya nini, kwa sababu gani?"

"Juu ya kufunika kipara, mon commandant. Ni tatouage tu, kuchora na wino. Hakuna dawa."

Sajini Chanda alicheka. Komanda hakucheka. Alimwomba aonyeshe.

Laurentine alitoa kalamu ya sindano, akaiwasha, akajichoma vitone kumi juu ya mkono wake wa kushoto. Alifuta damu na kunyoosha mkono mezani. Komanda aliinama akavitazama, akavuta simu ya sajini yenye ile picha ya vichwa vinne, akailaza pembeni ya mkono.

"Ya kwako iko nyeusi," alisema. "Ya kwabo iko buluu."

"Inageukaka na miaka. Mwanzo iko nyeusi, nyuma inakuwa buluu."

"Miaka ngapi?"

"Munane. Kumi."

"Basi nikae hapa na homa yangu, ningoje miaka kumi ndiyo nijue kama unasema kweli."

Hakuwa anamdhihaki. Ndivyo ilivyokuwa, na Laurentine aliona vizuri kwamba ndivyo ilivyokuwa. Kitu pekee ambacho kingewaokoa wale watu kilikuwa miaka, na miaka haionyeshwi juu ya meza.

Ndipo Kasoki alipofanya kosa lililotokana na upendo. Alilowesha ncha ya kitenge kwa mate, akasugua nyusi zake kwa nguvu, moja baada ya nyingine, mpaka ile penseli nyeusi anayopaka kila asubuhi ikatoka yote. Chini yake kulikuwa na nyusi nyingine, pana, za buluu iliyochuja.

"Ni yeye alinichora, wino ile ile, inakuwa miaka munane sasa," alisema. "Wanamuke nusu ya huu muji beko hivi. Muende kuangalia ba bibi yenu."

Komanda alisimama. Alimshika kidevu, akamgeuza kuelekea dirishani, akatazama kwa muda mrefu. Laurentine aliona akianza kuelewa, na alikuwa karibu kushukuru.

"Mon commandant," alisema Sajini Chanda. "Bwana iko na alama. Bibi naye iko na alama."

Komanda aliachia kidevu. Mtu akiwa na homa, na ameambiwa wiki mbili mfululizo kwamba adui amejificha kati ya watu, wazo jepesi humfikia kabla ya lile zito. Alirudi kwenye kiti akajifunika blanketi.

"Mupigishe magoti," alisema. "Na yeye ataenda na benzake."

Kasoki alipigishwa magoti. Hakupinga. Alimtazama tu Laurentine, na nyusi zake zile za buluu zilimfanya aonekane kama mtu aliyeshangaa sana.

Mlangoni Guelord alimwita mkewe kwa sauti ndogo, akamwambia watoke, yeye hakuna aliyemkamata, watoke sasa hivi. Na ilikuwa kweli. Mlango ulikuwa wazi, mumewe ni mkuu wa kamati, na komanda, asiyeamini kwamba yeye ndiye aliyewachora, alikuwa amekwisha kumsahau kama mwanamke mwenye maneno mengi. Laurentine alipiga hatua moja kuuelekea mlango. Mimi ninayewasimulia siwezi kulificha hilo: alipiga hatua moja.

Kisha akamwona Mumba. Hakumwona alivyolala sokoni. Alimwona siku ya kwanza kabisa, Jumatatu moja ya zamani, amejitazama kwenye kioo cha saluni, akijigusa kichwa kwa vidole viwili na kucheka peke yake kwa raha. Laurentine alisimama. Aibu ilimpanda mpaka machozi yakamtoka, akainua mikono yote miwili akavua wigi.

Sajini Chanda alikamata bunduki yake.

"Guelord," alisema bila kugeuka. "Uko na tondeuse yangu. Kuya uninyoe, babone bote."

Guelord alikuja. Mashine ilikuwa ndani ya mfuko wa koti lake, na utepe wake mwekundu. Aliiwasha, akaizima, akaiwasha tena. Alikuwa amelala kitanda kimoja na kichwa kile miaka ishirini na miwili, kimefungwa kitambaa kama vichwa vya wanawake wote, na hakuwahi kuuliza. Alimnyoa polepole, akianzia kisogoni, na nywele chache zilizobaki zikaanguka juu ya saruji.  Alipofika mbele aliusimamisha mkono.

Kulikuwa na rangi tatu, zimepangwa upande kwa upande kama vipande vya kitambaa dukani.

Komanda alitoka nyuma ya meza. Alichukua kalamu ya kuandikia na kwa ncha yake akagusa upande wa kushoto, pale ambapo vitone vilikuwa vimeyeyuka vikawa doa moja.

"Hii?"

"Kumi na tano."

Akagusa katikati.

"Munane. Sawa na sourcils ya Kasoki, hizi nyusi zake."

Akagusa kulia, ambapo vitone vilikuwa bado vidogo, vyeusi, kila kimoja peke yake. Kabla hajauliza, Laurentine aliinua mkono wake wa kushoto akauweka karibu na kichwa. Vya mkononi na vya kichwani vilikuwa ndugu. Komanda alitazama mkono, akatazama kulia, katikati, kushoto, akaichukua simu akatazama vile vichwa vinne. Alirudia mara mbili.

"Donc, basi, ni kuzeeka tu," alisema.

"Ni kuzeeka, mon commandant. Hakuna kingine mule. Hata risasi inaingiaka vizuri."

Adalbert alikaa chini, si kwenye kiti, bali juu ya gunia tupu karibu na ukuta. Alimwuliza sajini wamekamata wangapi mpaka leo. Wanane, alijibu Chanda, pamoja na wale wa wiki iliyopita. Komanda aliinama. Alipoinua kichwa alionekana mgonjwa kuliko alivyoingia, na mimi sidhani ilikuwa malaria.

Alisema Kasoki asimame. Akasema wale wanne waletwe hapa mbele yake, mara moja, na wafunguliwe kamba.

Hakuna aliyetoka kuwaleta.

"Guelord," alisema komanda.

Guelord alikuwa bado ameshika mashine, na ilikuwa bado inanguruma mkononi mwake. Alijibu akitazama sakafu.

"Bameshaenda, mon commandant. Dereva aliogopa mvula mu njia ya Lukafu. Uliko unalala, hatukupenda kukuamusha. Camion ilitoka saa nane."

Kasoki alichukua muda kuelewa. Aliishika ile sehemu ya kitenge chake iliyoguswa na lori, akaitazama, akaanza kuipangusa kama vile kuna vumbi.

"Alikuwa mule ndani," alisema. "Alipita hapa."

Laurentine alitamani Kasoki ampige. Angempiga ingekuwa nafuu. Lori lilipotoka yeye alikuwa amesimama getini akidanganya, na mbele yake alikuwa mtu ambaye angelisimamisha kwa kunyanyua mkono. Alijichukia hapo kwa chuki ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa mtu mwingine yeyote.

Komanda aliandika karatasi, akaigonga mhuri. Mtandao hakuna, redio ya depo haifiki Lukafu, na askari aliobaki nao ni kumi na mmoja wa kulinda mtaa mzima. Alisema karatasi peke yake haitatosha. Wale wa Lukafu wana mkuu wao, naye haamini kitu asichokiona kwa macho. Mtu lazima aende akamwonyeshe alichoonyeshwa yeye, rangi zote tatu.

"Kichwa yako njo itaenda, mama. Hakuna namna ingine."

Guelord alisema atakwenda naye. Komanda alikataa. Kutoka hapa hadi Lukafu kuna vizuizi saba, na vyote vimeambiwa vitafute kichwa cha buluu. Mwanamke huyu akitoroka au akipotea, lazima awepo mtu wa kujibu. Guelord abaki.

Kasoki alikuwa ameshatoka nje. Alisikika akiwasha Canter.

Laurentine aliiacha wigi mezani, akafunga kitambaa. Guelord alizima mashine. Ilikuwa mara ya kwanza chumba kile kuwa kimya tangu alipoanza kunyoa.

"Miaka kumi na tano, Laurentine," alisema. "Na mi nilikuwa wapi?"

Lori lilikuwa mbele kwa saa nzima. Laurentine alimshika mkono kidogo, akatoka.

Kasoki aliendesha kwa nguvu. Walipita nyumba za mwisho za mji, wakapita viwanda vya matofali, na mawingu yalikuwa yamekwisha kuifunga njia ya Kasenga mbele yao. Laurentine alikuwa ameipakata ile karatasi kwa mikono miwili. Alijipa moyo kwamba kizuizi cha kwanza si cha kuogopa. Hicho kilikuwa cha vijana wa mumewe.

Walisimamishwa kwa gogo lililolazwa barabarani. Aliyekuja dirishani alikuwa Kapya, kijana aliyekimbia kutoka Kasenga mwezi uliopita, ambaye Laurentine alimwona mara tatu nne yeye mwenyewe alipokuwa anampelekea Guelord chakula kizuizini. Nyuma yake walikuwa wengine kama kumi, wana mapanga na fimbo.

Laurentine alimpa karatasi. Kapya aliisoma, na alijua kusoma vizuri tu. Akamrudishia.

"Bote beko na papier, mama. Hata bale ba jana balikuwa na papier. Toa kitambaa."

Kasoki alisema wana haraka, ni amri ya komanda. Kapya alirudia kwa upole ule ule kwamba kitambaa kitoke. Laurentine alikifungua.

Kapya alirudi nyuma hatua mbili. Wale wengine waliona uso wake wakaanza kusogea.

"Kapya, ni mimi," alisema Laurentine. "Mi bibi ya Guelord. Unanijua. Nililetaka chakula yake kwa kizuizi."

"Papa Guelord alitukatazia kusikiliza," alisema Kapya, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kweli. "Alisema beko na ujanja, batataja hata jina yake. Alisema ya buluu haipite, hata ikisema ni nani."

"Niangalie uso."

Kijana alimwangalia. Alimwangalia sana, kutoka kidevuni hadi juu, kwenye lile doa la kushoto, na akashindwa kuendelea kutazama.

"Bibi ya Papa Guelord iko na nywele," alisema, akaufungua mlango wa gari.